Chai ya Kwapani

Jumapili mchana ukisimama mbele ya duka la kijijini kwetu, utawaona watu wawili wakipita wanakimbia. Wa mbele ni mwanamke mwembamba aliyejifunga mtandio mwekundu hadi machoni, na kope zake zimeota barafu nyeupe. Wa nyuma ni mwanamume mnene anayehema kama pampu ya maji. Mkono wake wa kulia unapunga kama wa mkimbiaji yeyote, lakini wa kushoto haupungi. Ameubana ubavuni kama mtu mwenye jipu kwapani.

Huyo ni baba mkubwa wangu, Habiril. Mwalimu wetu wa michezo aliwahi kumtaja mbele ya shule nzima. "Mtazameni mzee Habiril," alisema. "Ana miaka hamsini na saba. Siku moja ameamka tu, akaamua kuijali afya yake."

Nilitaka kunyoosha kidole. Sikunyoosha, kwa sababu nakaa kwake na nakula kwake. Kijiji cha wazazi wangu hakina shule ya kupita darasa la nane, kwa hiyo nililetwa kwa dada yake mama, mama mkubwa Maarpa, nisome hapa. Lakini afya? Jamani! Baba mkubwa alianza kukimbia kwa sababu ya wivu. Nawajua wote wawili, nimewauliza kila mmoja kwa wakati wake, na pale hadithi zao zinapopishana nitasema.

Kwanza mjue kwamba wivu wake haukuanza juzi. Walipokuwa wachumba alimwonea wivu daktari wa meno aliyekuja kutoka mjini, eti kwa nini amemshika Maarpa kidevu. Walipooana akamwonea wivu mleta barua, mpaka siku alipogundua kwamba barua zote zilikuwa zake mwenyewe. Kwenye ngoma ya duara ya sikukuu ya kiangazi, kijiji kizima kikiwa kimeshikana mikono, yeye hujipenyeza kati ya mkewe na mtu wa kushoto. Akishatulia hapo, anakumbuka kwamba kulia nako kuna mtu.

"Angeweza kujipasua katikati," mama mkubwa aliniambia, "angenishika pande zote mbili."

Alisema hivyo akicheka. Nadhani kwa miaka mingi wivu ule ulimfurahisha kidogo. Sijui, sijaolewa.

Kazi ya baba mkubwa ni boila. Joto la shule, la zahanati na la nyumba zote za barabara ya juu linatoka kwenye chumba chake cha makaa. Akichelewa kidogo tu kutia makaa, mabomba yanapasuka na sisi tunaandika mtihani na glovu mkononi. Kwa hiyo mtu angetegemea kwamba anajua kukifanya kitu kibaki cha moto. Anajua, lakini kazini. Nyumbani ni mtu wa kulala na kutazama televisheni.

Mama mkubwa yeye alikuwa mtu wa ng'ombe. Mwaka wa kuuza ng'ombe wao wa mwisho, mwili wake ulikataa kusikia kwamba ng'ombe hawapo. Ulimwamsha alfajiri, ukampeleka hadi mlango wa zizi tupu, ukamrudisha. Baada ya wiki chache za kwenda na kurudi, akaamua aende mbali zaidi. Hivyo ndivyo alivyoanza kukimbia. Sasa kila Jumapili anazunguka: anatoka kijijini, anakata mbuga yetu kubwa ya nyasi, anafika kwenye rundo la nyasi kavu la ukoo wa Habiril, kisha anavuka ziwa lililoganda na kurudi nyumbani. Ni mwendo wa nusu kutwa, majira ya kiangazi, akilizunguka ziwa, na majira ya baridi. Na kwetu Yakutia, kaskazini mwa Urusi, Januari ni baridi ya kumpasulia mtu jino. Mwalimu wa hesabu alipasua lake kwa chokoleti aliyoisahau mfukoni.

Swali langu la kwanza, nilipofika hapa, lilikuwa: unakula nini huko, mama mkubwa? Akanionyesha, kitu kimoja kimoja, akiwa anavaa.

Chupa bapa ya chai ya maziwa, yenye chumvi na siagi, inakaa tumboni, chini ya nguo zote, imegusa ngozi. Na inakaa kichwa chini miguu juu. Barafu hupenda kuanza juu, penye hewa, kwa hiyo ukiigeuza barafu inashika kitako cha chupa na mdomo unabaki wazi. Ndani ya glovu, kwenye kiganja, kuna kipande cha mafuta ya farasi, maana hayo hayawi jiwe kama ya ng'ombe. Na chapati za maji mbili, zimepakwa siagi na kukunjwa, zinakaa utosini, chini ya kofia ya manyoya.

"Kichwani?" niliuliza.

"Kichwa kina joto kuliko mahali pote. Muulize baba yako mkubwa, chake kinachemka bila kuni."

Lakini chupa ya tumboni ni ndogo. Inamfikisha kwenye lile rundo la nyasi tu. Pale anahitaji kitu cha moto tena, kwa sababu amekwishatoa jasho, na ng'ambo yake kuna ziwa lenye upepo. Mtu mwenye jasho asiye na kitu cha moto tumboni, kwenye ziwa, Januari, hafiki. Kila mtu kwetu anajua hivyo. Basi kazi ya baba mkubwa, kazi yake moja tu katika mbio hizo, ilikuwa kupeleka thamosi kwa gari na kuichomeka ndani ya nyasi, urefu wa mkono mzima. Nyasi zinatunza joto vizuri.

Zinatunza, ndiyo, kama ulichoweka kina joto. Baba mkubwa aliipeleka Jumamosi jioni akitoka kazini, ili Jumapili asiamke. Thamosi yake ilikuwa ya zamani, ya kioo ndani, imefungwa gazeti. Hakuisuuza kwa maji ya moto kabla ya kuijaza. Aliijaza mpaka ikafurika, na ile chai iliyomwagikia kwenye kizibo ikaganda usiku kucha, ikakishika kizibo kama gundi. Miaka mitatu alifanya hivyo. Na kila Jumapili jioni alikuwa akienda kuichukua, anaikuta tupu, anafurahi.

Sasa, Jumapili moja ya Januari iliyopita, alikwenda kuichukua na akaikuta nzito. Imejaa. Haijaguswa. Akaingiza mkono tena ndani ya nyasi na vidole vikagusa manyoya.

Alidhani ni panya. Akavuta. Ikatoka thamosi ya chuma iliyovalishwa mfuko wa ngozi ya sungura, mweupe, umeshonwa kwa mkono, una kamba ya kukazia shingoni. Ilikuwa tupu, kavu, imenywewa hadi tone la mwisho. Na ndani ya ule mfuko mlikuwa na chapati ya maji iliyokunjwa.

Aliijua chapati ile. Imeungua ukingo mmoja, kama zote za kikaango chetu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, unaweka chochote. Kwa hiyo mkewe alikuwa amekunywa chai ya mtu na akamwachia mtu huyo chapati kutoka utosini kwake.

"Ukafanya nini?" nilimuuliza.

"Nikaila."

"Chapati?"

"Ningemwachia?"

Jioni ile nilikuwa mezani nikifanya kazi ya shule. Aliingia, akakaa bila kuvua kofia, akawa anazungusha kijiko katika kikombe ambacho hakikuwa na kitu.

"Chai ya leo ilikuwaje?" akauliza.

"Nzuri," mama mkubwa akajibu, mgongo wake kwetu.

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Ulibeba chapati ngapi?"

"Mbili, kama siku zote."

"Ukala ngapi?"

Mama mkubwa akageuka na mwiko mkononi. "Habiril, leo umekuwa mkaguzi wa chapati? Kula supu yako."

Akala. Nami niliona masikio yake yamekuwa mekundu hadi ndani. Usiku ule alikuwa akigeuka kitandani mpaka mbao zikalia, na mimi chumba cha pili nikawa nawaza: kuna nini?

Siku iliyofuata nilimpelekea chakula kule kwenye boila. Nilimkuta ameiweka ile thamosi ya sungura juu ya meza, anaitazama kama mtu anayemhoji mwizi. Kabla sijauliza, mlango ukafunguliwa, mvuke ukaingia, na ndani ya mvuke mlikuwa na Sahaar.

Sahaar ni mwanamume aliyefiwa na mke, mrefu, mwenye trekta. Rundo lake la nyasi liko mbele kidogo ya letu, kwa hiyo kila Jumapili asubuhi anapita pale kuchukua nyasi za ng'ombe wake. Alikuwa amekuja kuomba maji ya moto ya kuamshia trekta. Akaiona meza.

"Ahaa," akasema, "kumbe uliiona. Nilikuwa naitafuta."

"Ni yako?"

"Ni yangu."

"Inafanya nini kwenye nyasi zangu?"

"Inafanya kazi ambayo ya kwako imeshindwa."

Nilishika kibakuli cha chakula kwa mikono miwili. Sikuondoka, na hakuna aliyenifukuza.

"Nani amekupa ruhusa," baba mkubwa akasema polepole, "ya kumnywesha mke wangu chai?"

"Ruhusa ya nini? Mwezi wa kumi na mbili nilimkuta pale amekaa chini, anang'ata kizibo chako kwa meno. Nikamwambia, shemeji, hiyo ni chai au mfupa?"

"Usimwite shemeji."

"Nimwite nani?"

"Usimwite."

Sahaar akacheka. Baba mkubwa hakucheka. Moto ulikuwa unanguruma ndani ya boila.

"Sema kweli, Sahaar. Unampenda?"

"Kijiji kizima kinampenda Maarpa," Sahaar akasema, na sasa naye hakuwa anacheka sana. "Ila mimi ndiye mwenye trekta."

Akachukua thamosi yake, akachukua maji yake, akatoka. Mlangoni akageuka. "Halafu kulikuwa na chapati humu. Huwa kuna chapati."

"Huwa?" baba mkubwa akasema. Lakini mlango ulikuwa umefungwa.

Neno hilo, "huwa", lilikaa naye wiki nzima. Nilimsikia akilisema peke yake akitia makaa. Huwa. Yaani si mara moja. Nilimwambia, baba mkubwa, si ungejaza tu chai nzuri zaidi, uipeleke asubuhi? Akanitazama kama nimemshauri apande mnazi kwenye barafu. "Kwani tatizo ni chai?" akasema.

Kwake tatizo lilikuwa uso. Alitaka kuuona uso wa mkewe wakati anaingiza mkono kwenye nyasi na kuikuta thamosi moja tu, ya mumewe. Je, angefurahi? Au angetazama huku na huku kumtafuta mtu mwingine? Hilo tu ndilo alilotaka kujua, na ndilo lililokaribia kumuua mama mkubwa.

Jumapili ilipofika aliaga kwamba anakwenda kazini. Alisubiri trekta la Sahaar lipite, liende na kurudi. Ndipo akaendesha hadi kwenye rundo. Marundo yetu yamezungushiwa ua wa fito, kwa sababu farasi wa kwetu hawalali zizini. Wanazurura majira yote ya baridi wakichimbua theluji kwa kwato, na wakiona nyasi kavu zilizokwisha kukatwa hawangoji kukaribishwa. Siku nyingine mtu hupenya katikati ya fito. Siku hiyo baba mkubwa alikuwa na koti lake kubwa la ngozi ya kondoo na hasira kubwa kuliko koti, akachomoa fito mbili akazitupa chini. Akatoa thamosi ya sungura, akaacha yake iliyofungwa gazeti. Fito hakuzirudisha.

Gari akalirudisha kinyumenyume hadi nyuma ya misonobari. Bomba lake la moshi limetoboka, linanguruma hadi kijijini. Mkewe angelisikia. Basi akafanya jambo ambalo mtu mzima wa kwetu hafanyi mwezi wa Januari hata akiwa amelewa. Alizima injini.

Niliposikia hapo nilipiga kelele. "Ulizima?"

"Nilizima."

"Mbugani, ikipoa isiwake tena? Na simu huko haishiki?"

"Nilikuwa na wivu, mwanangu, sikuwa na akili. Haviwezi kukaa pamoja."

Akakaa ndani ya gari, akikwangua kioo kwa ukucha apate tundu la kuchungulia. Walioanza kuja walikuwa farasi. Jike moja la kijivu lilitangulia, likanusa lile pengo la fito, likaingia kama mwenye nyumba. Wengine wakafuata. Wakaanza kunyofoa nyasi kwa mafungu. Baba mkubwa akafungua mlango kidogo, akanong'ona, "Shii! Tokeni! Tokeni, wana wa shetani!" Farasi hawakusikia, na kupaza sauti hakuweza, kwa sababu kule mbali ule mtandio mwekundu ulikuwa umekwishatokea.

Thamosi ikaporomoka pamoja na nyasi. Lile jike likaikanyaga. Baba mkubwa anasema ililia kama yai likivunjika.

Mama mkubwa alifika. Alisimama, akaona farasi, akaona gazeti, vipande vya kioo, na doa la kahawia kwenye theluji ambalo lilikuwa limekwisha kuwa gumu. Chupa yake ya tumboni alikuwa ameimaliza njiani, kama siku zote. Lakini mtu wa ng'ombe ni mtu wa ng'ombe: hawezi kuacha nyasi wazi. Akawafukuza farasi mmoja mmoja, akaokota fito, akazirudisha. Kazi hiyo ilimchukua muda, na muda huo jasho lake likawa linapoa mgongoni. Kisha akaingiza mkono kwenye nyasi hadi begani. Akatafuta. Akapiga magoti, akaingiza mkono wa pili.

"Nikajua anatafuta ya Sahaar," baba mkubwa aliniambia. "Ile iliniuma. Niliuona uso wake, ndiyo. Nilichokitaka nilikipata."

"Na uso ulikuwaje?"

"Uliogopa."

Mama mkubwa alijikumbatia, akajipiga mabega, akaanza kukimbia kuelekea ziwani. Kurudi alikotoka kulikuwa mbali zaidi. Lakini hakukimbia kama alivyokuja. Miguu ilikuwa inakwenda kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi. Na wivu wote wa miaka thelathini, anasema baba mkubwa, ukamshuka hadi kwenye nyayo. Akawasha gari.

Gari likasema: tk.

Akawasha tena. Tk.

Kwenye kiti cha pembeni ilikuwa imelala ile thamosi ya Sahaar, ndani ya sungura wake mweupe.

Anasema alifikiri kidogo. Mama mkubwa anasema ni muongo, hakufikiri, angefikiri angeanza na kuvua koti. Aliichukua, akaitia ndani ya koti, akaibana kwapani, akaanza kukimbia. Mara ya mwisho kukimbia alikuwa jeshini. Buti zake ni za manyoya, za kutembelea kutoka mlangoni hadi garini. Alianguka kwenye mtaro, akaanguka kwenye kichuguu cha nyasi, na kila akianguka aliangukia upande wa kulia. Alijaribu kuita lakini hewa ile ikivutwa kwa mdomo inakata kifua, sauti ikawa inatoka mkoromo.

Mama mkubwa mbele akasikia kitu kikubwa kinakoroma nyuma yake. Akadhani ni dubu aliyeamshwa usingizini. Hakugeuka. Akakaza mwendo.

"Maaa... rpa!"

Akakaza zaidi. Dubu anayejua jina lako ni mbaya kuliko dubu wa kawaida.

"Maarpa! Ni... mimi!"

Akageuka. Mbele yake, ukingoni kabisa mwa ziwa, alisimama mume wake, ndevu zimekuwa barafu tupu, anatoa mvuke kama sufuria.

"Habiril? Umetoka wapi?"

"Ka... zini."

"Kazini!"

"Kunywa."

Akaitoa thamosi. Mama mkubwa akaitazama, akamtazama yeye, na pale pale akaelewa kila kitu, maana si mjinga.

"Hii ni ya Sahaar."

"Najua ya nani. Kunywa!"

Mikono ya baba mkubwa ilikuwa imekufa ganzi. Alipokifungua kizibo kikamponyoka, kikatumbukia kwenye theluji laini na hakikuonekana tena. Mvuke ukapanda. Mama mkubwa akanywa. Akanywa tena. Rangi ikarudi kwenye midomo. Akatoa chapati moja utosini, akaikata, nusu akamtia mumewe mdomoni kama mtoto.

"Sasa wewe. Kunywa."

"Sinywi."

"Umelowa jasho hadi kofia. Gari liko wapi?"

"Limezimika."

"Limezimika au umelizima?"

Baba mkubwa akaanza kubandua barafu ndevuni.

"Habiril! Umelizima? Januari?" Hapo ndipo alipopandisha sauti kwa mara ya kwanza. "Basi kunywa hii chai, au simama hapa ufe na wivu wako, nikamwambie Sahaar aje na trekta akubebe."

Akanywa. Nilimuuliza ilikuwaje. "Siagi ilikuwa ya kutosha," akasema.

Thamosi isiyo na kizibo si kitu. Chai iliyobaki ingeganda kabla hawajafika katikati ya ziwa. Mama mkubwa akaimimina kwenye ile chupa yake bapa, akaifunga, akataka kuirudisha tumboni. Lakini tumbo lake lilikuwa limekwisha kupoa. Akalifungua koti la mumewe, akapenyeza mkono hadi ndani, akaiweka chupa kwapani pake, kwenye ngozi, kichwa chini.

"Bana hapo. Usiuachie huo mkono. Na usisimame."

"Siwezi kukimbia tena."

"Tembea basi. Ila nikikuona umesimama, nakuacha."

Walivuka ziwa hivyo. Kila wakifika kwenye alama ya mti uliochomekwa barafuni, mama mkubwa anaingiza mkono kwapani, wanakunywa funda moja moja, chupa inarudi. Na njiani wakazungumza. Kila mmoja aliniambia mazungumzo hayo tofauti, lakini haya machache yanafanana.

"Kwa nini hukuniambia chai yangu ilikuwa mbaya?"

"Ningekuambia ungeacha kuileta."

"Kwa hiyo ukanywa ya mwenzangu."

"Miaka miwili nimetafuna barafu yako nikaisifu. Huu wa tatu nimechoka, mume wangu. Nilipomaliza ya Sahaar, yako nikawa naimwaga kwenye theluji, urudi uikute tupu ufurahi. Wiki iliyopita kizibo kilikataa kabisa."

"Na zile chapati?"

"Chombo cha mtu ningekirudisha kitupu?"

Baba mkubwa akatembea kidogo. "Anakupenda yule."

"Najua," mama mkubwa akasema.

Baba mkubwa anasema jibu lile lilimchoma kuliko upepo wa ziwani. Alitegemea mkewe atabisha. Hakubisha, wala hakuongeza kitu. Alinyoosha mkono tu, aombe chupa.

Mimi ndiye niliyewafungulia mlango. Waliingia weupe kama watu wa unga. Baba mkubwa akakaa kwenye benchi, mkono umebana, na tulipomwambia auachie hakuweza. Tulimkanda kwa maji ya vuguvugu. Chupa ilipotoka, ndani yake kulikuwa na funda moja bado. Nililionja, nilitaka kujua. Lilikuwa la uvuguvugu na lina ladha ya kondoo.

Gari lilivutwa na trekta la Sahaar, kwani lingevutwa na nini? Alilizunguka, akatazama ndani.

"Lilizimwa," akasema. "Na nani, adui?"

Baba mkubwa alimrudishia thamosi yake ikiwa na kizibo kipya alichokichonga mwenyewe, na haikuwa tupu, maana chombo cha mtu hakirudi kitupu. Aliijaza chai. Lakini ilikuwa chai yake ile ya siku zote, na alikimwagia kizibo kwa makusudi, akailaza nje usiku kucha kwanza.

Jumapili iliyofuata, mama mkubwa alipokuwa anavaa, alimkuta mumewe mlangoni amevaa buti nyepesi na suruali ya michezo inayombana. Alikuwa ameamka mapema, akasuuza chupa kwa maji yanayochemka, akajaza, akaigeuza kichwa chini, akaiweka kwapani.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi ndiye rundo la nyasi," akasema.

Tangu hapo hajakosa. Amepungua, anahema kidogo kuliko zamani, na mwalimu wa michezo anaendelea kumsifu kwa afya. Mfuko wa ngozi ya sungura hauonekani tena kwenye nyasi, nimekwenda kutazama mwenyewe. Lakini Jumapili hizo hizo trekta bado linapita, na likiwafikia Sahaar hupunguza mwendo, huinua kofia na kusema kitu kwa mama mkubwa, ambacho kwa kelele za injini hakuna anayekisikia. Mama mkubwa humpungia. Ndipo baba mkubwa, ambaye kwa kawaida yuko nyuma sana, anapokaza mkono wa kushoto, anainamisha kichwa na kumpita mkewe. Anakimbia mbele kabisa mpaka trekta lipotelee kwenye misonobari.

Kisha anasimama na kumngoja, mkono umebana.